Jumatatu ya 15 Oktoba 1917: waliouawa, waliozaliwa, na sisi wa Mahiwa ambao hatukuandikwa

Mwana wa Lukuledi

Wakuu, salamu kutoka Kusini.

Kila mwaka tarehe 14 Oktoba tunamkumbuka Mwalimu, kesho yake nchi inarudi kazini. Huku kwetu ndiyo kwanza msimu wa korosho umechanganya, kila mtu anawaza mnada. Lakini kwa watu wa bonde la Lukuledi tarehe 15 Oktoba ni siku kubwa kuliko tunavyoipa, na leo nataka niimwage yote hapa. Nimechoka kuona zile orodha za "siku kama ya leo" zikifika 15 Oktoba 1917 na kuturuka kana kwamba huku hakukuwa na watu.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Ukisoma orodha yoyote, jina la kwanza utakalokutana nalo ni Mata Hari. Jina lake halisi Margaretha Zelle, Mholanzi, mcheza dansi aliyetikisa Paris kabla ya vita. Wafaransa walimtia hatiani kwamba ni jasusi wa Wajerumani. Alfajiri ya Jumatatu hiyo wakampeleka Vincennes, wakampanga mbele ya wanajeshi na kumpiga risasi. Alikuwa na miaka 41, na alikataa kufungwa kitambaa machoni. Mpaka leo anaandikiwa vitabu.

Wa pili ni baharia wa Kimarekani, Osmond Ingram. Manowari yao, USS Cassin, ilikuwa doria kusini mwa Ireland ikiwinda nyambizi za Wajerumani. Nyambizi ikawawahi. Ingram aliliona kombora likija ndani ya maji, likielekea nyuma ya meli ambako kulikuwa na mabomu ya kulipulia nyambizi. Akakimbilia huko kuyatupa baharini ili yasilipuke na kuimaliza meli nzima. Kombora likamkuta hapo hapo. Meli haikuzama. Ingram alipewa nishani ya juu kabisa ya Marekani baada ya kufa, na baadaye manowari nyingine ikapewa jina lake.

Halafu zinakuja kurasa za waliozaliwa. Arthur Schlesinger, mwanahistoria, alizaliwa siku hiyo mjini Columbus, Ohio. Alikuja kuwa msaidizi maalumu wa Rais Kennedy, na alikuwa kwenye kazi hiyo Julai 1963 Mwalimu Nyerere alipokwenda Washington kuonana na Kennedy. Siku hiyo hiyo alizaliwa Jan Miner, mwigizaji, na Paul Tanner, mpiga trombone wa bendi ya Glenn Miller. Watoto watatu wa nchi iliyokuwa vitani, kila mmoja na tarehe yake kamili.

Sasa njooni Mahiwa.

Anayetoka Lindi kwenda Masasi anapita Mnazi Mmoja, anapita Mtama, anafika Nyangao, na mbele kidogo ndiyo Mahiwa. Ukiwa kwenye basi unaweza kupitiwa na usingizi ukavuka bila kujua umepita wapi. Asubuhi ile ile ambayo mwili wa Mata Hari ulikuwa unaondolewa Vincennes, hapo ndipo vilipoanza mojawapo ya vita vikubwa na vya umwagaji damu kabisa vilivyopiganwa Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Vilikwenda mpaka tarehe 18.

Ilivyokuwa ni hivi. Waingereza walishaichukua Mikindani na Lindi tangu Septemba 1916. Mwaka 1917 wakaanza kupanda na bonde kutoka Lindi, wakimsukuma Mjerumani taratibu kuelekea bara. Upande wa Wajerumani, eneo la Nyangao na Mahiwa lilishikwa na Meja Jenerali Wahle. Mpango wa Waingereza ulikuwa kumbana: jeshi la Lindi lisukume kwa mbele, na brigedi ya Wanaijeria ishuke kutoka kaskazini imkatie njia kwa nyuma. Wanaijeria wakafika tarehe 15, wakachimba mahandaki. Walichokuwa hawakijui ni kwamba Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Kijerumani, alishanusa mpango ule na alikuwa njiani na kampuni zake kumsaidia Wahle. Tarehe 16 Wanaijeria wakawa ndio waliobanwa, mizinga na bombomu zinawamiminikia ndani ya mahandaki yao wenyewe.

Huku mbele, Jenerali Beves wa Waingereza aliamuru mashambulizi ya uso kwa uso. Lettow alikuwa anamfahamu. Walishapambana karibu na Taveta mwaka 1916, na alijua huyu ni mtu wa kutupa watu mbele bila kuhesabu. Tarehe 17 na 18 wakatupwa kweli. Vitabu vinasema Waingereza walikuwa karibu 4,900 na wakapoteza kiasi cha 2,700 kwa kufa na kujeruhiwa. Wajerumani walikuwa kama 1,500, wakapoteza zaidi ya 500.

Nawaomba mzisome tena namba hizo kwa utulivu, kisha mjiulize hao "Waingereza" na "Wajerumani" walikuwa akina nani. Wengi walikuwa Wahausa na Wayoruba kutoka Nigeria, Wayao, Wanyasa na wengine wa KAR, jeshi la Kiafrika la mkoloni Mwingereza. Upande wa pili walikuwa askari wa Kinyamwezi, Kisukuma, Kimanyema. Wazungu kwa jumla walikuwa wachache. Na nyuma ya kila mwenye bunduki kulikuwa na wapagazi wanaobeba risasi, unga, machela na vipande vya mizinga. Hao hata kwenye namba hizo hawapo sawasawa. Kwa vita vyote vya Afrika Mashariki, makadirio ya wapagazi waliokufa yanazidi 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Ingram alikuwa mmoja, meli nzima ikabeba jina lake.

Watu wa bonde hili kubeba mizigo ya wenye nguvu hawakuanzia kwenye vita. Miaka michache tu kabla, kuanzia 1909 mpaka 1913, wapagazi wa huku walibeba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) kutoka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, kwa vichwa na mabega. Mifupa ipo Berlin, ina namba na majina ya kisayansi.

Sasa hoja yangu. Jumatatu ile, na Jumanne yake, na mpaka Alhamisi, kulikuwa na wanawake wajawazito Nyangao, Mahiwa, Mtama, Chiuta, na vijiji vyote vya kando ya mto. Watoto hawasubiri mizinga inyamaze. Walizaliwa. Wengine tuliwajua, tumekula kwao, wametulea. Hawa ni wazaliwa wa 15 Oktoba 1917 sawa na Schlesinger. Naomba kila mwenye habari ya mzee wa ukoo wake aliyezaliwa "mwaka wa vita vya Mjerumani" aiweke hapa. Majina kamili si lazima. Weka alizaliwa wapi, watu walikimbilia wapi, nani alisimulia.

---

Kaka Mkuu wa Ndanda

Uzi mzito huu mkuu. Nimesoma Ndanda miaka yote ile, tunapita Mahiwa kila likizo, na hakuna mwalimu aliyewahi kutusimamisha dirishani akatuonyesha. Historia ya Maji Maji tulifundishwa vizuri, misheni ya Nyangao kuchomwa 1905 tunaijua. Ila hii ya 1917 tuliambiwa kwa mstari mmoja tu.

Swali: kwa hiyo nani alishinda? Maana kwa namba zako Mjerumani alimtandika Mwingereza.

---

Mwana wa Lukuledi

Mkuu, uwanjani alishinda Lettow, na alipandishwa cheo kuwa jenerali baada ya hapo. Lakini hebu piga hesabu: una watu 1,500, unapoteza zaidi ya 500. Theluthi ya jeshi imekwenda kwa siku nne na huna pa kujazia, meli za kwenu haziji. Mwingereza alikuwa na uwezo wa kuleta wengine. Tena Wajerumani walimaliza sehemu kubwa ya risasi zao nzuri pale Mahiwa, wakabaki na zile za zamani zinazotoa moshi mzito, askari akifyatua tu adui anajua yuko kichaka kipi. Ndiyo maana hawakukaa kusherehekea. Wakarudi nyuma, wakapanda uwanda wa Makonde, wakawaacha wagonjwa na majeruhi wengi njiani, na tarehe 25 Novemba wakavuka Ruvuma pale Ngomano kuingia kwa Mreno.

---

Sauti ya Nachingwea

Samahani mleta uzi, mimi sitakuficha. Hivi vilikuwa vita vya wakoloni wawili wanagombea shamba ambalo si lao. Kwa nini tujibebeshe kumbukumbu yao? Sisi tuna vita vyetu, Maji Maji, na baadaye tukawabeba ndugu zetu wa FRELIMO. Hivyo ndivyo vya kukumbuka. Mahiwa waachieni Wazungu na vitabu vyao.

---

Mwana wa Lukuledi

Ndugu yangu, vita vilikuwa vyao, nakubali kabisa. Lakini unga ulioliwa ulikuwa wetu. Lettow kwa miezi ile aliishi kwa kuchukua chakula vijijini, na Waingereza nao walipopita walichukua watu wa kubeba. Oktoba ni mwezi wa ghala kupungua, mvua bado, mtama uliobaki ndio unaotarajiwa uvushe watu mpaka mavuno. Ukichukuliwa huo, familia inakula mizizi ya porini. Sasa mwanamke aliyejifungua katika hali hiyo, tumwambie kumbukumbu yake ni ya Wazungu?

Kuna jambo jingine linaloniuma. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee waliopigana chini ya Lettow. Waliokuwa hai walijitokeza, wakalipwa. Ni haki yao. Mpagazi hakuwa na orodha ya kumtoa, na mama aliyenyang'anywa mtama hakuwa na risiti. Tusipoandika sisi, hakuna bunge litakalotuandikia.

---

Bibi Harusi wa Masasi

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Naleta ya kwetu. Bibi mzaa baba alikuwa akisema mama yake alimzaa porini, upande wa mlima wa Chiwata, "wakati mizinga inalia kama radi ya kiangazi". Alikuwa hasemi tarehe, anasema hivyo tu. Walikuwa wametoka Nyangao kwa miguu, usiku wanatembea, mchana wanalala vichakani ili wasikamatwe kubebeshwa mizigo. Uchungu ulimshika mama yake njiani. Wanawake wawili wakamzingira kwa kaniki zao, na mmoja kazi yake ilikuwa kumziba mtoto mdomo kwa kiganja kila anapotaka kulia, anaachia avute pumzi, anaziba tena. Bibi akifika hapo alikuwa anajiwekea kiganja mdomoni kutuonyesha, sisi watoto tunashika pumzi naye.

Aliitwa Tabu. Na mdogo wake aliyefuata baada ya vita akaitwa Furaha.

Sasa kilichonisukuma kuandika ni hiki. Bibi alipokwenda kuandikishwa kadi ya mpiga kura uzeeni, karani alimuuliza mwaka wa kuzaliwa, akasimulia habari hiyo yote. Karani akasikiliza kidogo, akaandika 01/01/1925. Bibi akapunguziwa miaka minane hivi hivi. Na kwenye msalaba wa kaburi lake tumeandika hiyo hiyo 1925 kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kadi. Baada ya kusoma uzi huu nimempigia baba. Tumekubaliana msalaba ubadilishwe.

---

Mwana wa Lukuledi

Shikamoo na wewe dada. Ahsante sana. Soma nilichomjibu mkuu wa Ndanda: Wajerumani waliondoka Mahiwa wakarudi nyuma kupitia huko huko Chiwata, na mapigano yalifika huko katikati ya Novemba. Kwa hiyo mizinga aliyozaliwa nayo bibi inaweza kuwa ya Mahiwa ikisikika kwa mbali, au ya Chiwata kwenyewe mwezi uliofuata. Muulizeni baba kama bibi aliwahi kusema mvua zilikuwa zimeanza. Kama zilikuwa zimeanza, andikeni Novemba. Kama bado, huenda ni Oktoba. Mwaka ni 1917 bila wasiwasi, na hilo peke yake linatosha kwenye msalaba.

---

Ustadh wa Mikindani

Assalaam alaykum. Nimepitia uzi, nikaenda kupiga hesabu ya kalenda ya Hijria. 15 Oktoba 1917 inaangukia siku za mwisho kabisa za Dhul-Hija 1335. Muharram ya mwaka 1336 iliingia kwenye tarehe 17. Maana yake mwaka mpya wetu uliingia watu wakiwa ndani ya mapigano.

Na kuna faida nyingine kwenye hesabu hii. Mwisho wa mwezi ni giza. Usiku wa 15 na wa 16 hakukuwa na mbalamwezi kabisa. Wale Waislamu waliotoka Nigeria waliokuwa wamezingirwa kwenye mahandaki, na wenyeji waliokuwa wanakimbia, wote walikuwa kwenye giza moja. Dada wa Masasi, kama bibi alisema walitembea usiku wa giza nene au usiku wa mwezi mkubwa, hilo nalo litakusaidia kukaribia siku yenyewe.

---

Bibi Harusi wa Masasi

Ustadh, nimesisimka. Baba anasema bibi alikuwa akisimulia kwamba walishikana ncha za nguo ili wasipoteane. Nitamuuliza vizuri zaidi jioni.

---

Mnyambe wa Newala

Nasi wa uwandani tuongezee. Wakati Lettow anasukumwa kuja huku kwetu, Ujerumani walituma ndege kubwa ya puto, L 59, ije imletee dawa na risasi. Iliondoka Bulgaria tarehe 21 Novemba 1917, ikavuka bahari ya Mediterania, ikapita jangwa la Misri, ikafika Sudan. Huko ikapokea amri kwa redio irudi. Ilikaa angani saa 95 mfululizo, ikasafiri zaidi ya kilomita 6,700, ikarudi bila kufikisha mzigo wake.

Ilipangwa itue huku uwanda wa Makonde. Wazee wetu hawakuiona, lakini siku hizo hizo huku chini wapagazi wanakufa njiani kwa kukosa dawa hizo hizo. Nimewaza sana juu ya hilo tangu nilipolisoma.

---

Sauti ya Nachingwea

Nimerudi. Hoja yangu kuhusu nani alianzisha vita naiacha palepale, ila habari ya dada wa Masasi imenigusa. Nina mjomba wa mama, yuko hai, ana miaka themanini na kitu, na huwa anasema baba yake alizaliwa "vitani". Sasa mkuu, nitajuaje ni vita vipi? Wazee wa huku wakisema vita vya Mjerumani, wengine wanamaanisha vya Hitla.

---

Mwana wa Lukuledi

Karibu tena mkuu, swali lako ni zuri na ndilo litakalowakwamisha wengi.

Usianze na mwaka, atakutajia wowote ili akuridhishe. Anza na walikimbilia wapi. Vita vya Hitla havikufika Lindi wala Masasi. Watu walichukuliwa kwenda KAR, wakapelekwa Burma, wakarudi na makoti. Hakuna kijiji cha huku kilichokimbia mizinga. Kama mama wa baba yake alijificha porini kukimbia mizinga, hiyo ni 1917.

Pili, muulize fedha. Kama familia inasimulia kodi au mahari ya miaka ile kwa rupia, ni vita vya kwanza. Shilingi ilikuja 1921, baada ya Mwingereza kushika nchi.

Tatu, muulize mafua. Mafua makubwa ya 1918 yaliua watu wengi vijijini mara tu baada ya vita vile. Mzee akisema baba yake alikuwa ananyonya wakati wa mafua, umeshapata.

Nne, mpange na ndugu zake. Nani alimtangulia, nani alimfuata, na nani tayari alikuwa kijana wakati wa mradi wa karanga wa 1947 hapo hapo kwenu Nachingwea. Aliyezaliwa 1917 alikuwa na miaka 30 karanga zilipoingia, huenda alifanya kazi kwenye reli. Hilo watoto wake hawalisahau.

Mrekodi kwa simu, muache aongee kwa lugha yake, usimkatize kumsahihisha. Ukimaliza lete hapa.

---

Sauti ya Nachingwea

Nimekuelewa. Yuko Naipanga, naenda Jumamosi tukishapeleka korosho ghalani.